Kifurushi cha "Vuli" na Mzee wa Mishipi: Tathmini ya Duka Moja la Vifaa vya Uvuvi, Mombasa

Duka ninaloliandikia tathmini hii liko katika kichochoro kimoja baina ya Marikiti na Mji wa Kale, na halina kibao mlangoni isipokuwa dema (mtego wa samaki) kuukuu lililotundikwa juu ya kizingiti, ambalo wenyeji hulifanya alama wanapoelekezana. Jina lake silitaji, kwa kuwa nina malalamiko mawili matatu ambayo sikukusudia yamharibie mtu riziki, na pia kwa sababu asemayo mnunuzi mmoja wa mwezi mmoja hayatoshi kumhukumu mfanyabiashara wa miaka mingi. Nilinunua hapo mara nne kati ya juma la mwisho la Oktoba na siku za mwisho za Novemba, nikavitumia vile nilivyonunua baharini na katika maji baridi, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona kwa macho yangu na kuyashika kwa mikono yangu.

Kwanza yafaa msomaji aelewe ni wakati gani tunaouzungumzia, maana vifaa vya uvuvi havipimwi nje ya msimu wake. Kusi, ule upepo wa kusini ambao huvuma tangu Aprili na kuichafua bahari kwa miezi kadhaa, huanza kulegea mwishoni mwa Agosti, na hapo huingia demani, wakati ambao mashua ndogo hurejea kuvuka mwamba bila hofu kubwa. Demani inapoisha, mnamo Novemba, upepo hukosa uamuzi: asubuhi huja kidogo kutoka nchi kavu, mchana hugeuka, na kuna siku bendera za mashua hulala kabisa. Wazee huuita wakati huo tanga mbili, kwa kuwa chombo chaweza kwenda upande wowote, na haukawii kupita kabla ya kaskazi, upepo wa kaskazini, kushika njia yake hadi Machi. Katikati ya hayo yote kuna mvua za vuli, ambazo hazina nguvu za masika lakini zatosha kuyatia wekundu maji ya mikono ya bahari kwa siku mbili tatu baada ya kila mvua kubwa. Maji nayo hupata joto badala ya kupoa. Uso wa bahari, ambao mwezi wa Agosti huwa kiasi cha nyuzi 25 au 26, huanza safari ya kupanda kuelekea nyuzi 29 za Machi na Aprili.

Nimelieleza jambo la joto kwa makusudi, kwa sababu ndilo lililonitia hasarani.

Siku ya kwanza nilimkuta dukani kijana mmoja, mchangamfu na mwenye adabu, ambaye nilipomwambia kuwa nataka vifaa vya kuvulia mwezi wa Novemba alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma akateremsha kifurushi cha karatasi ngumu chenye dirisha la plastiki. "Hiki ndicho chako, ami," aliniambia, "kimeandikwa kabisa kuwa ni cha vuli." Akanionyesha karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani, iliyochapishwa kwa Kiingereza, ambayo ilitaja "autumn", msimu wa majani kupukutika huko ughaibuni ambao kamusi zetu huutafsiri kwa neno hilohilo. Nami, kwa kuwa nje mawingu yalikuwa yamekwisha kutanda na matone ya kwanza yameanza kugonga mabati, sikuona sababu ya kulitilia shaka neno ninalolitumia tangu utotoni. Nikalipa shilingi 4,800.

Kifurushi chenyewe kilikuwa na ufito wa faiba wenye vipande viwili, urefu wake futi 7 ukiunganishwa. Rili (gurudumu la kukunjia uzi) ndogo iliyokwisha kufungwa uzi wa nailoni wenye nguvu ya ratili 8, yaani chini ya kilo 4. Ndoana kumi na mbili ndogo. Chelezo mbili nyekundu za kuelea juu ya maji. Chubwi za kubana, yaani vizito vya kuuzamisha uzi, zilizo kama punje za choroko. Na mfuko wa nyungunyungu za mpira zenye rangi ya zambarau na kumetameta. Kwa macho ni vitu vizuri. Ufito ni mwepesi na hurudi haraka ukipindwa, rili huzunguka bila kukwaruza, na vipete vya kupitishia uzi vimefungwa kwa ustadi. Iwapo ningekitathmini dukani tu, bila kukipeleka majini, ningekipa sifa zote.

Karatasi ya maelezo niliisoma usiku ule kwa makini kuliko ilivyostahili. Ilishauri mvuvi atafute vilindi, kwa kuwa samaki huondoka kwenye maji ya kina kifupi. Avute chambo polepole sana, kwa kuwa samaki mwenye damu baridi hulegea maji yanapopoa na hawezi kukimbiza kitu kwa kasi. Atumie uzi mwembamba, kwa kuwa majani ya majini hufa na maji hung'aa. Na zaidi ya yote aende katikati ya mchana, saa ambazo jua limekwisha kuyapasha maji moto kidogo. Kila neno la karatasi ile ni kweli mahali lilikotoka. Katika nchi za kaskazini ya dunia, mwisho wa msimu huo ndipo maziwa yanapopoa juu, na maji yaliyopoa, yakiwa mazito zaidi, huzama hadi ziwa zima linachanganyika; na katika pwani ya mashariki ya Marekani huko, mnamo Oktoba na Novemba, makundi makubwa ya samaki wale wenye michirizi ubavuni huteremka kutoka New England kuelekea kusini, yakila kwa pupa njia nzima kabla ya baridi kali. Wavuvi wa huko huzisubiri wiki hizo mwaka mzima. Lakini ni neno moja kwa misimu miwili, na bahari ya Mombasa, iliyo nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, haikuisoma karatasi hiyo.

Jaribio la kwanza nililifanya ukingoni mwa mkondo wa Tudor, mmoja wa mikono ya bahari hapa Mombasa, upande wa kisiwani, siku mbili baada ya mwezi kuandama, saa saba na nusu mchana kama nilivyoelekezwa na karatasi. Msomaji wa pwani amekwisha kucheka. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hapa kwetu hupwa mno karibu na saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa hadi jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa huzidi mita 3. Kwa hiyo saa saba na nusu ni saa ambayo bahari nzima, kwa namna ya kusema, inajaribu kupita mlangoni mwa mkondo kwa pamoja. Chubwi zile za punje ya choroko hazikufika chini hata mara moja. Nilirusha, uzi ukachukuliwa kama unyasi, na nyungunyungu ya zambarau ikawa inacheza juu ya maji hatua ishirini kando yangu, ambako bibi mmoja aliyekuwa akivua kwa mshipi wa mkono, plagi ya gari iliyokufa ikiwa ndiyo chubwi yake, alilazimika kuusogeza mkono wake mara tatu ili tusinasane.

Mara ya nne nilizibana chubwi zote pamoja, nikaondoa mpira nikatia kipande cha nyama ya kamba wa baharini, na hapo nikagongwa mara moja kwa haraka, halafu tena, halafu uzi ukawa mwepesi. Nilipouvuta nikaukuta umekatwa sawasawa, kana kwamba kwa mkasi. Ndoana ya pili nayo ikaenda vivyo hivyo. Ya tatu ilirudi na mwenye kosa: bunju wa urefu wa kiganja, amejijaza upepo akawa duara, akinitazama kwa jicho la kijani huku meno yake manne, mawili juu na mawili chini, yakisagana kwa sauti niliyoisikia waziwazi. Bunju hukata nailoni nyembamba bila taabu, na pia ni samaki asiyefaa kuingia nyumbani kwa hali yoyote, kwa kuwa sumu yake huua na haiondoki kwa kupikwa. Nilimrudisha majini. Ndoana nilizopoteza alasiri ile zilikuwa saba kati ya kumi na mbili, na samaki wa kuliwa sikumwona.

Kesho yake nilirudi dukani, na safari hii aliyekuwa kwenye kiti nyuma ya meza alikuwa mzee mwenye duka. Nilimwamkia, nikamweleza yaliyonipata, nikaiweka ile karatasi mbele yake. Aliitazama picha, hakujisumbua na maandishi.

"Mwanangu," alisema, "ulikwenda na mwezi wa ngapi?"

Nilimjibu kuwa mwezi ulikuwa wa siku mbili au tatu tangu kuandama.

"Na ulikwenda saa saba." Hakuwa akiuliza. Aliirudisha karatasi kwangu kwa ncha ya kidole. "Hivi ni vya bwawani, ami yako angekwambia. Si vibovu. Vya bwawani."

Kilichofuata ni sababu ya mimi kulipatia duka hili nafasi ya kuandikwa. Kwa muda unaokaribia saa nzima, na huku akiwahudumia wateja wengine wanne, mzee yule alinifundisha kununua. Alianza na ndoana, ambazo huziweka katika mikebe ya maziwa ya unga iliyopangwa kwa nambari, akanieleza hesabu inayowachanganya wageni wengi: ndoana namba 10 ni ndogo kuliko namba 4, na namba 4 ni ndogo kuliko namba 1, lakini ukishapita hapo hesabu hugeuka, ikawa 1/0, kisha 2/0, kila inavyopanda ndivyo inavyokuwa kubwa. Kwa changu wa mkondoni alinipa namba 4 zenye shingo ndefu, ili meno ya bunju yafikie chuma kabla ya kufikia uzi. Kwa chewa na kolekole alinipa za mviringo, zile ambazo ncha yake hurudi ndani kuitazama shingo, na akanionya kuwa mwenye kuzitumia hatakiwi kushtua mkono samaki anapogonga, bali auache uzi ukaze wenyewe, ndipo ndoana hujigeuza na kushika pembeni mwa kinywa badala ya kumezwa hadi tumboni.

Kisha akafunga ndoana moja mbele yangu, taratibu, ili nione. Alipitisha uzi tunduni, akauzungusha juu ya mwenziwe mara sita, akaurudisha kwenye kitanzi, na kabla ya kukaza alilitia fundo mdomoni akalilowesha kwa mate. Nailoni ikivutwa ikiwa kavu husuguana, ikapata moto, ikadhoofika palepale kwenye fundo. Mate huondoa msuguano. Alilivuta likalala, akakata mkia kwa kisu cha kunyolea, akanipa nivute ncha mbili kwa mikono yote miwili. Halikuteleza hata kidogo. Nimevua kwa mshipi tangu nikiwa mtoto, na fundo langu la miaka yote hiyo nilikuwa nikilikaza kavu.

Siku hiyo nilitumia shilingi 1,350 tu. Nilipata mita 100 za nailoni ya ratili 40, ndoana kumi na nane za saizi tatu, vipande vinne vya waya wenye swiveli (kiungo kizungukacho) kwa ajili ya nguru, kijiko kimoja cha chuma king'aacho, yaani chambo cha bandia, chenye ndoana ya pembe tatu, na chubwi sita za risasi ambazo mzee huziyeyusha na kuzimimina mwenyewe uani, nyepesi yake kama yai la njiwa na nzito yake kama ndimu. (Risasi ni sumu, wazazi wanaowaachia watoto wachezee chubwi, au wanaozibana kwa meno kama nilivyokuwa nikifanya mimi, waache.) Chubwi zake zina kasoro ndogo: tundu la kupitishia uzi huwa na makali, na lisiposuguliwa kwa msumari kwanza litakula nailoni. Nilipomweleza hilo baadaye aliniambia kuwa msumari uko mezani kwa kazi hiyo, na kweli ulikuwapo.

Safari ya baharini ilikuwa siku ya tisa tangu mwezi kuandama, wakati wa maji mafu, ambayo hayajai wala hayapwi sana, siku aliyoichagua mzee na kukubaliwa na nahodha niliyemkodi. Hoja yao ni rahisi na nimeithibitisha: bamvua huyavuruga maji na kuvuta mishipi, ilhali maji mafu huacha chambo kitulie mahali ulipokiweka, na kwa mtu asiye na uzoefu mkubwa utulivu ndio faida. Tulitoka Bandari ya Kale saa kumi na moja alfajiri tukiwa katika mashua yenye mashine, tukapita mlangoni giza likiwa bado halijaondoka sawasawa, Ngome ya Yesu ikiwa kulia kwetu kama kipande cha usiku kilichosahauliwa, na tulipovuka mwamba bahari ilikuwa imelala kiasi kwamba nahodha alizima mashine ili tusikilize. Alikuwa akisikiliza vibua. Wakiruka kwa pamoja wakikimbizwa, hutoa sauti kama ya mvua ya ghafla, na mwenye sikio huigeuza mashua huko kabla jicho halijaona.

Tulikokota kijiko nyuma ya mashua kwa mita thelathini hivi za uzi, mwendo wa mtu anayetembea upesi, na mara ya kwanza kupigwa ilikuwa dakika ishirini baada ya jua kuchomoza. Nguru hupiga mara moja na kukimbia. Uzi ulinitoka mikononi ukanichana kidole cha shahada, ambacho nilikuwa nimeonywa nikifunge kitambaa na sikukifunga. Waya ulionyesha kazi yake: ulipofika mashuani ulikuwa umepindapinda na kukwaruzwa mahali pa meno, na ningekuwa na nailoni tupu nisingemwona samaki yule, ambaye nyumbani alipimwa akawa kilo 4 na robo. Wa pili alikwenda na kijiko kwa sababu ya fundo langu mwenyewe, si la mzee. Jua lilipofika saa mbili na nusu samaki walizama, nasi tukatia nanga karibu na mwamba, tukashusha ngisi kwa ndoana za mviringo, tukapata changu tisa na chewa mmoja mdogo ambaye tulimwachia. Nahodha alisema kuwa kaskazi ikishika vizuri, mnamo Desemba na Januari, nguru huongezeka, na huko nje kwenye kina sulisuli huonekana akipasua maji kwa pezi lake. Wenye boti kubwa za wageni huanza kumsubiri tangu Novemba.

Kuhusu ngisi nina neno, na ndilo lalamiko la kwanza. Duka huuza chambo kilichogandishwa, na pakiti mbili nilizozinunua kwa shilingi 300 kila moja zilikuwa zimekwisha kuyeyuka na kugandishwa tena, pengine umeme ulipokatika. Dalili yake ni rahisi kuijua kwa anayetazama: barafu iliyo ndani ya pakiti huwa na rangi ya waridi, na nyama ikishikwa hulegea kama utambi. Ngisi wa aina hiyo hawezi kukaa kwenye ndoana. Samaki mdogo humnyonya akaacha chuma kitupu. Tulimtumia kwa kuwa hatukuwa na mwingine, na nusu yake ililiwa bure. Ushauri wangu ni kununua vifaa dukani hapo na chambo kwa wavuvi wenyewe alfajiri, au sokoni samaki wanapoteremshwa.

Lalamiko la pili lahusu rili ya kifurushi. Sikuipeleka baharini zaidi ya siku ile moja ya mkondoni, nikaisuuza kwa maji baridi na kuikausha kama inavyotakiwa, na hata hivyo baada ya siku tisa parafujo tatu za ubavuni zilikuwa na kutu na kile kichuma cha kukunjia uzi kilianza kukwama. Kijana alikataa kuirudisha, akasema kifurushi kimekwisha kufunguliwa. Mzee hakurudisha fedha pia, lakini aliifungua rili pale mezani, akabadilisha parafujo kwa nyingine zisizoshika kutu, akatia grisi ya mashine za boti, akanitoza shilingi 100. Sijui niliite jambo hilo huduma nzuri au njia ya ustadi ya kukwepa deni. Rili inafanya kazi hadi leo.

Na inafanya kazi kwa sababu niliipeleka mahali pake. Mwishoni mwa Novemba nilivuka feri ya Likoni nikapanda hadi Kwale kupitia Kombani, kwa shemeji yangu, ambaye ana bwawa la perege na kambare wachache walioingia wenyewe kutoka kijitoni. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo kifurushi kile kile nilichokilaani mkondoni kiligeuka kuwa chombo cha raha: chelezo ilikaa wima, uzi mwembamba haukumtisha samaki, ndoana ndogo zilitosha kabisa kwa kinywa kidogo cha perege, na ufito mwepesi ulimfanya hata samaki wa robo kilo ahisike kama mtu. Donge la sima lililokandwa na mafuta kidogo ya nazi ili lisiyeyuke lilishinda nyungunyungu za kweli, na nyungunyungu za kweli zilizishinda za zambarau ambazo hazikuguswa na kiumbe chochote.

Jambo moja lilinifanya niikumbuke ile karatasi kwa heshima kidogo. Nilifika bwawani alfajiri, kwa mazoea ya baharini, na kwa saa mbili nzima chelezo haikutikisika, ingawa perege walikuwa juu kila mahali, vinywa wazi, wakitweta. Shemeji alinicheka. Katika bwawa lenye ukijani mwingi, mimea midogo ya majini hutoa hewa mchana na kuitumia usiku, kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ambayo hewa ndani ya maji imepungua kuliko saa nyingine zote, na zaidi siku za mawingu ya vuli ambapo jua halikupata nafasi ya kutosha jana yake. Samaki anayetafuta pumzi hatafuti chakula. Tulikunywa chai, tukangoja jua, na kuanzia saa nne walianza kula kwa namna iliyotufanya tuache kuhesabu baada ya kumi na watano. Saa za mchana zilizoandikwa kwenye karatasi zilikuwa sahihi kumbe, ila si kwa sababu ya baridi. Kambare tulimsubiri hadi magharibi, kwa maini ya kuku yaliyoachwa yanuke, na alikuja mmoja akaukata uzi wa ratili 8 bila kuaga.

Kwa hiyo ninapokipa kifurushi hukumu, ninatenganisha bidhaa na muuzaji wake. Kwa mtu mwenye bwawa, au anayekwenda kuvua kando ya mito na mabwawa ya Kwale na Kilifi, shilingi 4,800 ni nyingi lakini si wizi, mradi avitupe vile vya mpira na aibadilishe rili parafujo mapema. Kwa mtu wa baharini, hata wa mawe ya ukingoni tu, hakifai na hakipaswi kuuzwa kwake kwa maneno yale aliyoniambia kijana. Kijana hakudanganya; alisoma neno akalitafsiri. Ila muuzaji wa vifaa vya uvuvi katika mji wa bahari hatakiwi kukomea kwenye neno, na lilikuwa jukumu lake kuniuliza swali moja ambalo mzee huliuliza kila mteja kabla ya kunyoosha mkono kwenye mkebe wowote: "Wavua wapi?"

Swali hilo lina faida nyingine niliyoiona kwa mteja mwingine, mgeni wa bara aliyejibu kuwa anakwenda kuvua mbele ya hoteli yake huko Bamburi. Mzee aliinuka akamwonyesha ramani iliyobandikwa ukutani, iliyozungushiwa kwa kalamu nyekundu eneo la hifadhi ya bahari ya Mombasa, ambayo ilitangazwa mwaka 1986 na ambamo kuvua hakuruhusiwi kabisa, akampa habari kuwa askari wa wanyamapori huzunguka hapo kwa boti na kwamba afadhali aulize kwanza kwa kamati ya wavuvi wa ufuo husika. Alimuuzia mshipi mmoja na ndoana nne, ingawa mtu yule alikuwa na fedha na hamu ya kununua zaidi. Siku nyingine nilimsikia akimkatalia mtu aliyetaka nyavu za nailoni ya uzi mmoja, ambazo zimepigwa marufuku, kwa sauti ya chini na bila mahubiri: "Hizo hapa hamna."

Mambo madogo yaliyobaki nayataja upesi. Bei za ndoana na nailoni ni nafuu kidogo kuliko za maduka makubwa ya vifaa, na ndoana huuzwa hata moja moja. Risiti hutolewa ukiiomba. Mahali ni padogo, watu watatu wakiingia wa nne hungoja nje, na feni haifanyi kazi. Malipo ya simu hupokewa. Ijumaa hufungwa kuanzia saa sita hadi saa nane.

Mzee huwapo asubuhi tu, hadi adhuhuri. Kijana huwapo siku nzima. Mara ya mwisho nilipokwenda, tarehe 29 Novemba, nilikuta kifurushi kingine cha "vuli" kimekwisha kutundikwa kwenye msumari uleule, na chini yake pamebandikwa kipande cha boksi chenye maandishi ya mkono, kwa wino wa buluu: BWAWANI.